Hodi Tatu za Gari Namba Tatu

CHAMA CHA MADEREVA WA MALORI YA KOKOTO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KUMI NA NNE (CHA DHARURA)

Tarehe: Jumamosi, tarehe 19 ya mwezi wa saba
Mahali: Chumba cha mizani ya zamani, uwanja wa malori
Muda wa kuanza: Saa nane na dakika ishirini mchana (ulipangwa saa saba kamili)

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, gari namba 1
Katibu, gari namba 7
Honi, gari namba 9
Mkwe wa Mwenyekiti, gari namba 12
Madereva wa magari namba 2, 4, 6, 8, 10 na 13

WAALIKWA
Fundi wa redio, aliyetufungia visanduku
Mke wa marehemu dereva wa gari namba 3. Kazi yake ni fundi cherehani

WASIOHUDHURIA
Dereva wa gari namba 5: ametoa udhuru, anamuuguza mama yake.
Dereva wa gari namba 11: hakutoa udhuru, kama ilivyo desturi yake.
Dereva wa gari namba 3, tuliyezoea kumwita Gia Mbili: amefariki. Fomu ya mahudhurio ina sehemu mbili tu, waliohudhuria na wasiohudhuria, na Katibu hakupata pengine pa kumwandika.

KUMB. NA. 1/14: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao akidi ilipotimia. Kabla ya hapo wajumbe walikuwa wakikaribishana kwa adabu nyingi kwenye benchi la mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake "kaa wewe". Mwisho wa benchi hilo ndipo marehemu alipozoea kuketi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kwa kuwa hakupenda vikao na alitaka kuwa karibu na njia. Mke wa marehemu, ambaye hakuna aliyemweleza, aliingia akaketi pale pale. Wajumbe walitazama sakafu.

Mwenyekiti aliwaomba wote wasimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu. Katikati ya dakika hiyo simu ya Honi ilipiga mlio wa honi ya lori. Honi aliomba radhi. Mkwe alisema kwa sauti ya chini kwamba aliyempa mtu huyu jina hakukosea. Mwenyekiti aliagiza dakika ianze upya.

KUMB. NA. 2/14: BARUA YA RAMBIRAMBI

Mwenyekiti alieleza kwamba kikao kimeitishwa kwa ombi la mke wa marehemu, ambaye alimwita shemeji, akampa pole kwa mara nyingine na kumhakikishia kwamba chama kipo naye bega kwa bega.

Mke wa marehemu alishukuru. Alitoa mkobani barua ya rambirambi ya chama, iliyokunjwa mara nne, akaomba isomwe. Katibu, ambaye ndiye aliyeiandika kwa maelekezo ya Mwenyekiti, aliisoma. Barua inasema kwamba marehemu "alipatwa na usingizi akiwa safarini, kutokana na umri na uchovu".

Mke wa marehemu aliomba maneno yake yaandikwe kama atakavyoyasema. Mwenyekiti alieleza kwamba utaratibu wa chama ni kuandika muhtasari. Mke wa marehemu alisema basi atasubiri hapo mpaka utaratibu ubadilike. Utaratibu ulibadilika. Alisema hivi:

"Nimeishi na mume wangu miaka thelathini na mmoja. Yule mtu usingizi aliujua kitandani tu. Kwenye kiti halali, kwenye mkeka halali, msibani kwa baba yake mwenyewe alikesha wenzake wakikoroma. Sasa mwanangu naye ni dereva, na kazini kwao wanamtania kama usingizi ni wa ukoo. Anacheka nao, akirudi nyumbani hali chakula. Mimi sikuja kudai kitu kwenu. Nimekuja neno hilo litoke."

Mwenyekiti alifafanua kwamba neno hilo lilitumika kwa nia njema. Alikumbusha kuwa lori namba 3 lilikutwa limegonga mwamba kwenye kona ya ukuta wa mawe bila alama za tairi barabarani, na kwamba mtu ambaye mteremko mzima wa machimboni ulimcheka kwa kushuka na gia ya pili miaka yote hawezi kufika pale kwa kasi ile kama yuko macho. Honi aliongeza kwamba hata mazishini watu wote walisema hivyo hivyo. Mke wa marehemu alimtaka awataje hao watu wote. Honi alisema hana orodha.

Katibu hakuchangia hoja hii.

KUMB. NA. 3/14: MAELEZO YA FUNDI KUHUSU VISANDUKU

Kwa manufaa ya mgeni, Fundi aliombwa aeleze visanduku vinafanya nini. Alieleza kwamba tangu mwaka jana kila lori la chama lina kisanduku juu ya dashibodi, kikubwa kama mkate, chenye kioo kidogo, spika na kitufe kimoja chekundu. Visanduku huzungumza vyenyewe kwa vyenyewe kwa redio, bila kupitia simu wala mnara, mradi magari yawe ndani ya mita mia tatu au zaidi kidogo. Kila kisanduku huviambia vingine kilipo na mwendo wa gari lake. Kule mteremkoni, ambako asubuhi ukungu hufika mpaka dereva haoni lori lililo mbele yake hatua ishirini, kisanduku kinajua lipo.

Kuhusu kitufe, Fundi alisema: "Kina maana moja tu. Nipisheni. Ukikibonyeza, kila kisanduku kilicho karibu kinalia na kioo kinaandika namba yako. Mwenye kusikia anatafuta pembeni, basi. Hakikutengenezwa kwa kitu kingine chochote."

Mke wa marehemu aliuliza kama sisi tulikitumia kwa maana hiyo.

Fundi alisema swali hilo si lake. Yeye aliandika barua kwa chama kuhusu jambo hilo hilo na hakujibiwa. Mwenyekiti alisema barua ilipokelewa na kuzingatiwa. Fundi alisema ilipokelewa ikawekwa chini ya mguu wa meza hii, na kwamba akiinama kidogo anauona mwandiko wake. Katibu anathibitisha kwamba meza ya Mwenyekiti ina mguu mfupi na kwamba chini yake kuna karatasi. Hakuna aliyeinama kuhakikisha.

KUMB. NA. 4/14: YATOKANAYO NA KIKAO CHA KUMI NA MOJA

Mke wa marehemu alisema mumewe aliwahi kurudi nyumbani kutoka kikaoni akiwa amenyong'onyea, akasema amekaripiwa kama mtoto. Alitaka kujua kosa lilikuwa nini. Mkwe alisema mambo ya zamani yaachwe, yaliyopita si ndwele. Mke wa marehemu alisema yeye bado anauguza.

Mwenyekiti alimwelekeza Katibu asome. Daftari lilifunguliwa na kifungu kifuatacho kikasomwa, kama kilivyoandikwa miezi minne iliyopita:

"KUMB. NA. 6/11: SALAMU BARABARANI. Katibu aliwasilisha malalamiko kwamba dereva wa gari namba 3 hajibu salamu za kisanduku. Ilielezwa kwamba kwa sababu ya ukungu madereva hawawezi tena kupungiana mikono, na kwamba wajumbe wamejiwekea utaratibu mzuri wa kupiga hodi kwa kitufe, naye anayepigiwa hujibu karibu kwa kitufe chake. Mkwe alikumbusha kwamba hodi ya watu waliolelewa hupigwa mara tatu, na kila moja ijibiwe. Iliazimiwa iwe hivyo. Dereva wa gari namba 3 alisema kitufe cha shida kiachiwe shida. Honi alisema hicho ni kiburi. Mjumbe mmoja aliuliza mwenye shida ya kweli afanye nini. Ilijibiwa kwamba mwenye shida atabonyeza zaidi ya tatu. Dereva wa gari namba 3 aliuliza, na kama hatapata nafasi ya ile ya nne? Wajumbe walicheka. Dereva wa gari namba 3 alikaripiwa kwa kutokuwa na salamu na akatakiwa kujirekebisha. Hoja ilifungwa."

Katibu aliposoma "wajumbe walicheka" alishusha sauti, akaomba maji. Mwenyekiti alimruhusu. Alipomaliza kunywa alirudia sentensi ile, kwa kuwa mke wa marehemu alisema hakuisikia vizuri.

Mke wa marehemu alisema: "Siku hiyo alikaa mezani, chai inapoa, anagonga meza kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Nikamuuliza, unafanya nini baba? Akasema, najifunza adabu. Kisha akaacha. Akaniambia, mke wangu, siwezi. Nikikibonyeza bila sababu, siku ya sababu nani ataniamini?"

Mkwe alisema kwamba hapo ndipo alipomfahamu marehemu. Hakufafanua.

KUMB. NA. 5/14: TAARIFA YA KISANDUKU CHA GARI NAMBA 3

Honi alisema kama kuna wa kulaumiwa ni Fundi na mitambo yake mibovu, maana kisanduku kizima kingemwamsha hata aliyelala fofofo. Alipendekeza visanduku vyote ving'olewe siku hiyo hiyo. Gari namba 8 na namba 10 waliunga mkono.

Fundi alifungua mfuko wa turubai akatoa kisanduku cha gari namba 3, akakiweka mezani. Kioo kimepasuka na upande mmoja umebonyea kama bakuli lililokanyagwa. Alisema amekaa nacho wiki mbili akivua kumbukumbu zilizo ndani, na kwamba kisanduku kilikuwa kizima mpaka sekunde ya mwisho. Alisoma kwenye karatasi yake. Katibu anaandika kama ilivyosomwa.

Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, lori namba 3 liliingia mteremkoni likiwa na mzigo kamili, gia ya pili. Baada ya kona ya kwanza, mwendo ulianza kupanda ghafla. Fundi wa gereji aliyelifungua lori anasema kipande cha ndani ya gia boksi kilikatika, gia ikaruka na haikukubali kuingia tena. Kuanzia hapo breki zilibeba mzigo wote peke yake mpaka zikachemka na kuisha nguvu.

"Hakulala," Fundi alisema. "Kasi inapanda, inapungua kidogo, inapanda tena. Ni mtu anayepigana na breki. Aliyelala hapigani."

Mke wa marehemu alifunika uso kwa mtandio. Mwenyekiti aliuliza kama kikao kisimame kwa muda. Mke wa marehemu alitikisa kichwa kukataa, akiwa bado amefunika uso.

Fundi aliendelea. Mita mia mbili na hamsini mbele ya lori namba 3 palikuwa na lori jingine la chama linashuka polepole. Mbele ya lori hilo, kama mita arobaini hivi, ipo nafasi ya kupishia, ile iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Lori la mbele lingeingia humo, njia ingebaki wazi mpaka tambarare, ambako mwendo hufa wenyewe. Dereva wa namba 3 alibonyeza kitufe. Kisanduku cha mbele kilipokea. Kilijibu. Sekunde sita baadaye alibonyeza tena. Kilijibu. Wakati huo lori la mbele lilikuwa limeshaipita nafasi ya kupishia. Sekunde ya kumi na tano alibonyeza mara ya tatu, umbali umebaki mita sitini. Kilijibu.

"Ya nne haipo," Fundi alisema. "Hapo aliukata usukani kuelekea mwambani. Hakupotea njia. Mbele kulikuwa na mtu, pembeni kulikuwa na jiwe. Alichagua jiwe."

Aliongeza jambo moja. Alipitia kumbukumbu zote za kisanduku hicho tangu Kikao cha Kumi na Moja. Katika miezi minne yote, kitufe cha gari namba 3 kilibonyezwa mara tatu tu. Ni hizo tatu.

Mwenyekiti aliuliza lori la mbele lilikuwa namba ngapi. Fundi alikunja karatasi yake akasema angependa mwenyewe aseme, kwa kuwa yumo humu chumbani.

KUMB. NA. 6/14: MAELEZO YA DEREVA WA GARI NAMBA 7

Gari namba 7 ni la Katibu. Mwenyekiti alishauri kalamu ipewe mtu mwingine kwa hoja hii. Mke wa marehemu alisema: "Aandike yeye. Alikuwepo." Katibu aliendelea kuandika.

Katibu alieleza kwamba asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito na macho yake yalikuwa barabarani. Kisanduku kililia, akatupa jicho kwenye kioo, akaona 3. Alieleza kwamba alifurahi. Alisema kwa sauti, peke yake ndani ya kabini, "Hatimaye mzee kanisalimu," akabonyeza karibu. Kililia tena, akabonyeza. Cha tatu kilipolia alicheka, kwa kuona mzee amejifunza hodi kamili, akabonyeza tena. Kisha alisikia mshindo nyuma. Alidhani ni baruti za machimbo. Aliendelea kushuka mpaka kwenye mizani mpya, akapima mzigo, akanywa chai. Habari zilimkuta na kikombe mkononi.

Katibu alieleza kwamba tangu mchana ule alijua. Hakujua habari za gia, lakini alijua kwamba mtu aliyesinzia habonyezi kitufe mara tatu. Siku ya pili aliletewa maelekezo ya kuandika barua ya rambirambi, akaandika neno usingizi kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri. Siku kumi na tisa zimepita.

Katibu ni mimi. Nitaliandika hivyo mara moja tu, kisha nirudi kwenye utaratibu. Yule mzee ndiye aliyenifundisha mteremko ule, nikiwa mwanamke pekee kwenye uwanja huu na wenzangu wakiniwekea dau kama nitamaliza wiki. Aliniambia, binti, kushuka si sifa, sifa ni kufika. Nilimpeleka kikaoni akakaripiwe kwa sababu alipita karibu yangu siku nyingi bila kujibu hodi zangu, nikaona ananidharau. Niliumia kama mtoto anayenyimwa salamu na baba yake. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake kwangu.

Mke wa marehemu alimuuliza Katibu: "Ulimjibu?"

Katibu: "Nilimjibu, mama."

Mke wa marehemu: "Zote?"

Katibu: "Zote tatu."

Nje, mtu alikuwa akijaza tairi upepo, na pampu ilisikika mpaka ilipozimwa. Kisha mke wa marehemu alisema: "Kwa hiyo alikusikia unamkaribisha."



KUMB. NA. 7/14: KUREKEBISHA KUMBUKUMBU NA BARUA

Mwenyekiti alipendekeza kwamba, kwa kulinda heshima ya pande zote, barua mpya iseme chanzo cha ajali hakijulikani. Alisema machimbo yakisikia habari ya hodi, chama kitachekwa kuanzia hapa mpaka bandarini. Mkwe aliunga mkono, akaongeza kwamba la kuvunda halina ubani, hivyo tusilifukue.

Dereva wa gari namba 2, ambaye katika vikao vyote kumi na vinne hajawahi kusema zaidi ya "naafiki", alisimama. Alisema mzee yule alichagua jiwe ili mtu wetu apone, na sisi tunachagua maneno ili tusichekwe. Alisema yeye haafiki. Aliketi.

Honi alisema anaondoa pendekezo lake kuhusu kung'oa visanduku. Alisema pia, bila kuulizwa, kwamba neno kiburi alilolitumia kwenye Kikao cha Kumi na Moja linamkaba. Alitoka nje kidogo na kurudi amenawa uso.

Ilipendekezwa kwamba karipio lililo kwenye KUMB. NA. 6/11 lifutwe. Mke wa marehemu alikataa. Alisema likifutwa watu watasahau kwamba mumewe aliuliza lile swali la ya nne, na watasahau kwamba walicheka. Alitaka kiongezwe chini yake kilichotokea.

Iliazimiwa:
Barua ya kwanza ifutwe. Barua mpya iandikwe ikieleza kwamba marehemu alikuwa macho, alipigana na gari lake, aliomba kupishwa mara tatu, hakupishwa, na aliligongesha lori mwambani ili kumwepuka mwenzake. Namba ya gari la mwenzake itajwe. Nakala moja apewe mtoto wa marehemu aipeleke kazini kwake.

Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba alipiga kura ya ndiyo. Imeandikwa.

KUMB. NA. 8/14: KITUFE, NA KISANDUKU CHA MAREHEMU

Iliazimiwa kwamba kuanzia leo kitufe chekundu ni cha nipisheni peke yake. Mkwe aliuliza kama sasa tutakuwa tunapitana kimya kimya kama ng'ombe. Alijibiwa kwamba salamu zitatolewa uwanjani, kwa mdomo, watu wakitazamana. Mkwe alisema hiyo nayo ni kazi, maana wengine hapa wana miaka hawatazamani. Mwenyekiti alimwomba mkwewe anyamaze.

Mwenyekiti alimkabidhi mke wa marehemu kisanduku kama kumbukumbu. Mke wa marehemu alikitazama bila kukishika. Alisema: "Nikiweke kabatini kinilie? Kichukueni. Kiwekeni kule alikoniacha, kiendelee kusema alichokuwa anasema. Labda sasa mtakisikia."

Fundi alisema hilo linawezekana. Kisanduku kinaweza kutengenezwa na kufungwa kwenye nguzo kabla ya nafasi ya kupishia, kikiwa na namba ile ile, kitume nipisheni kila gari la chama linapokaribia. Honi aliuliza kama madereva hawatakizoea na kukipuuza, kama walivyozoea hodi. Fundi alisema hilo hana dawa yake, dawa iko kwetu.

Iliazimiwa: Kisanduku kifungwe hapo. Namba 3 asipewe dereva mwingine. Namba 3 ikilia haijibiwi. Dereva apunguze mwendo na aangalie nyuma yake.

KUMB. NA. 9/14: KUFUNGA KIKAO

Mengineyo hayakuwepo. Mke wa marehemu alishukuru kwa neno lake kutoka. Alipofika mlangoni Katibu alimfuata, akampa mkono. Mke wa marehemu aliutazama mkono ule, akasema: "Leo sitaweza, mwanangu. Usinilazimishe." Akashuka ngazi, akakatiza katikati ya malori, akapita pembeni ya nafasi tupu ya lori namba 3 ambapo bado kuna doa la mafuta chini.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Kwa kawaida magari yakitoka uwanjani visanduku hulia mfululizo kwa kuagana, mpaka majirani wa uwanja walishaleta malalamiko. Siku hiyo yalitoka kumi, moja baada ya jingine, na hakuna aliyebonyeza.

NYONGEZA YA UTEKELEZAJI (imeandikwa na Katibu siku ya tano baada ya kikao)

Barua mpya imepelekwa kwa mkono. Ilipokelewa mlangoni na mtoto wa marehemu, akaisoma pale pale akiwa amesimama. Alisema, "Asante, dada," akafunga mlango taratibu.

Kisanduku kimefungwa kwenye nguzo jana jioni. Katibu alikuwa wa kwanza kupita, leo asubuhi, saa mbili kasorobo, akiwa na mzigo kamili na ukungu ukiwa mzito. Kililia. Kioo cha kabini kikaandika 3. Mkono wa Katibu ulikwenda wenyewe kwenye kitufe, kwa mazoea, akaurudisha kwenye usukani. Alipunguza mwendo, akaingia kwenye nafasi ya kupishia, akasimama ubavuni mwa mlima, akapisha.

Alikaa hapo mpaka kisanduku kiliponyamaza. Hakuna gari lililopita.

Zimesomwa na kuthibitishwa.

Mwenyekiti, gari namba 1: (sahihi) Nyongeza ibaki kama ilivyo.

Katibu, gari namba 7: (sahihi)